Vifungo vya Kunyamaza

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeingia leo mchana kwa fujo, kama mgeni asiyejua hodi. Nimeanza kuandika kwa sababu mguu umenikataza kutoka, na mtu asiye na pa kwenda huishia kusema watu. Bora niwaseme hapa. Karatasi haina mdomo wa kupeleka umbeya.

Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, nikiwa tayari nina mtoto mgongoni. Alikuwa seremala. Aliniandikia kwenye vipande vya mbao, na nikikosea anapiga randa, ubao unakuwa mpya, kosa linaanguka chini na maranda. Ndiyo maana mpaka leo natumia penseli ya seremala, ile bapa, na herufi zangu ni nene kama mwenyewe.

Nyumba hii aliijenga yeye. Mgongo wake unatazama mteremko na mfereji wa maji ya mvua. Tupo mimi, mwanangu wa pekee, naye seremala, mkwe wangu anayeshona mapazia ukumbini, na mjukuu wangu wa miaka sita. Huyo tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kupumzika. Chumba cha barazani kapanga fundi wa redio.

Jioni mlango wa chumba cha Chiriku umebana. Ukiusukuma, nao unakusukuma. Mwanangu kautoa kwenye bawaba, kaupiga randa ukingo wa juu, kaurudisha. Sasa unafungwa kwa kidole kimoja. "Mti ukinywa maji huvimba, Mama," kaniambia. Nilimtazama na randa yake mkononi nikamwona baba yake mzimamzima.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mguu. Basi.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi tukinywa chai, Chiriku kasema, "Bibi, ukuta wangu unatafuna."

"Unatafuna nini, mke mwenzangu?"

"Sijui. Unatafuna polepole, kama wewe."

Mkwe wangu kacheka mpaka kadondosha sindano, tukaitafuta chini ya meza sote kwa magoti. Meno yangu yaliyobaki hayafiki hata ya kugombana. Mkwe kasema ni panya hao, kaweka mtego.

Jumatatu, 16 Machi

Mtego mtupu. Chambo hakijaguswa.

Jumanne, 17 Machi

Fundi wa redio namwita Bwana Tuseme, maana hawezi kufungua kinywa bila neno hilo. Tuseme hivi, tuseme vile. Hana mke, na sishangai. Mwanamke gani atakubali kulala kwenye tuseme?

Leo mvua ilipopungua nimejikokota hadi barazani. Anatengeneza redio za mkononi za walinzi. Kaniwashia moja, ikakwaruza kama mvua juu ya bati. Kazungusha kitufe kidogo, kimya kikaingia.

"Kitufe hiki kazi yake ni kuzima mkwaruzo," kasema. "Kinazuia sauti ndogondogo, kinaruhusu kubwa. Kitu kizuri kabisa. Lakini tuseme, Bibi, umekizungusha kupita kiasi. Mwenzako yuko mbali, betri yake imechoka, anaita: njooni, njooni. Redio yako inampokea. Ila inaamua yenyewe kwamba hiyo ni kelele, inamzima. Wewe umekaa hapa unasema, leo pametulia."

"Hiyo redio mbovu. Itupe."

"Nzima! Ndiyo shida yake, haina ugonjwa wowote. Sasa tuseme kila kitu kina kitufe kama hiki. Mwili. Nyumba. Ukoo. Tuseme kuna mahali habari inafika, halafu inazimwa kabla haijamfikia wa kuamua."

"Tuseme unywe chai yako kabla haijapoa," nikamwambia.

Chiriku alikuwa miguuni pake, sikio kalibandika kwenye redio. Huwa wanaelewana hawa wawili, mmoja hanyamazi na mwingine hamalizi.

Mlango umebana tena. Umepigwa randa.

Jumamosi, 21 Machi

Nilipokuwa nafagia uvunguni mwa kitanda cha Chiriku nimeona ufa. Unaanzia pembe ya dirisha unashuka hadi sakafuni, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikamwita mwanangu. Kapitisha kidole mara mbili, halafu kasema, "Plasta tu hiyo, Mama. Nyumba ya Baba hii." Kachanganya saruji kwenye kopo, kaziba, kapangusa mikono.

Mkwe kaona kiraka kinachukiza macho. Kashona pazia la kufunika ukuta wote, lina samaki wa bluu. Limependeza kweli. Chiriku kawapa samaki majina na tayari wanagombana.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tumeziba, tena kwa samaki.

Alhamisi, 26 Machi

Siku mbaya. Chiriku kaamka analia, kasema ukuta umetafuna usiku kucha na samaki wamesogea. Kamwambia mama yake, kaniambia mimi, katoka na nguo ya kulalia kumwambia Bwana Tuseme. Mwanangu kamkuta huko barazani, kampigia kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyumba hii kaijenga babu yako! Unamtukana babu yako mbele ya watu?"

Mtoto kajifuta kamasi. "Kwani babu alijenga ukuta wenye meno?"

Mimi huwa nacheka. Leo sikucheka, wala hakuna aliyecheka. Mwanangu kasema akisikia tena habari ya ukuta, mtoto atalala bila taa.

Sipendi mjukuu wangu anyanyaswe, na sipendi mwanangu afikie kupiga kelele kama mwendawazimu. Nimechana pembe ya mto wangu, nikatoa pamba, nikaisokota vizuri, nikamziba Chiriku masikio kwa mkono wangu mwenyewe kabla hajalala. "Sasa je?" Hakunisikia. Nikajibu mwenyewe: sasa raha. Kalala kama gunia la mkaa.

Jumatatu, 30 Machi

Mkwe wangu ana akili. Ana kopo la vifungo vya kushonea, vya kila rangi, na Chiriku amekuwa akivililia tangu anatambaa. Sasa kila asubuhi ambayo hakutaja ukuta, anaingiza mkono na kuchagua kimoja. Leo kachagua chekundu. Nikapiga makofi.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua haijapumua. Kifungo cha kijani.

Jumamosi, 4 Aprili

Kifungo cheupe. Mlango tena. Mwanangu siku hizi haiweki randa sandukuni, anaiacha dirishani, karibu.

Jumanne, 7 Aprili

Nyumba imetulia na mimi situlii.

Nilimuuliza Chiriku, "Shuleni mmefanya nini?" Kasema, "Hakuna." Nikamuuliza kama ana njaa. Kainua mabega. Samaki wale wenye majina, siku nyingi hawajagombana. Tulitaka kufunga bomba moja tu, maji yamekatika nyumba nzima.

Mama yake anasema amekua. Mtoto wa miaka sita hakui kwa wiki moja. Nimelea, najua. Anayekua hupungukiwa nguo. Huyu kapungukiwa maneno.

Ijumaa, 10 Aprili

Kifungo cheusi. Alikichukua bila kuchagua.

Jumapili, 12 Aprili

Bwana Tuseme kaniita pembeni. Kwanza kauliza mbona Chiriku haji tena kwake. Nikasema anasoma. Mungu ananiona.

Halafu kasema, "Bibi, mimi si mjenzi, nitakosea. Lakini nimesimama kwenye mfereji. Juu kule maji yanaingia ya kubeba ng'ombe. Huku chini, baada ya nyumba yetu, yanatoka ya kubeba kuku. Tuseme hayapotei hewani. Yanakwenda wapi?"

Nilitaka kumjibu jibu langu la chai. Badala yake nikalibeba swali lake.

Wakati wa chakula nikamwambia mwanangu. Hakuinua macho kwenye sahani. "Mwambie atengeneze redio, Mama. Mimi simfundishi waya."

"Swali lake ni la maji, si la waya."

"Nimesema nimesikia!"

Hakumaliza chakula. Baadaye nikamwona kupitia dirisha amesimama mferejini, mvua inamlowesha, anatazama chini. Akachukua bati kuukuu akafunika mahali maji yalipokuwa yanazama upande wa nyumba, akaweka jiwe juu. Aliporudi nikamwangalia usoni. Siku zote hizi nilidhani ni ukaidi, maana ukaidi anao, kaurithi kwangu. Kumbe ni hofu. Mwanangu anaogopa, na mtu mzima akiogopa mambo mawili kwa pamoja hulitazama lile dogo.

Na mimi nimelitazama lipi? Nimelala nikijiuliza.

Jumamosi, 18 Aprili

Haya ni ya Alhamisi. Sikuweza kuyaandika mapema.

Alhamisi asubuhi mvua ilikatika kidogo. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maji barabarani. Mlango wa Chiriku ulibana kuliko siku zote, mwanangu akaupiga bega ndipo ukafunguka. Akautoa kwenye bawaba, akaupeleka uani, akauegemeza ukutani kwa jirani, akaenda kuchukua randa. Mimi nilikuwa nimekaa uani kuotesha mguu jua. Nikautazama ule mlango. Kuna kitu kilinikera jichoni, kama unyasi, na sikujua ni nini.

"Ulete na wangu," nikamwambia.

"Wako una nini?"

"Hauna kitu. Ulete."

"Mama, mvua itarudi sasa hivi..."

"Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe? Ulete!"

Akauleta. Milango hii miwili baba yake aliitengeneza siku moja, kutoka mti mmoja, kwa kipimo kimoja. Niliishikilia mwenyewe akiipigilia. Nikamwambia aisimamishe bega kwa bega.

Upande wa bawaba ililingana. Upande wa kitasa, mlango wa Chiriku ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Ukingo wake wa juu ulikuwa umelala kama mkate uliokatwa na mlevi. Kila wiki nyumba ililala kidogo, na kila wiki mwanangu aliukata mlango kidogo ili ulingane nayo. Ule mlango ulikuwa unapiga kelele kwa sauti pekee aliyopewa, na sisi tukawa tunaukata ulimi.

"Mti huvimba upande mmoja?" nikamuuliza. "Mwaka huu tu? Mbona wangu haukuvimba?"

Akakaa chini, juu ya maranda, randa mapajani.

"Nilijua, Mama," akasema. "Plasta yangu ilipasuka haijamaliza siku tatu. Niliiona nyuma ya pazia."

"Ukanyamaza."

"Nikasema mvua ikikatika nitaweka nguzo. Kila siku nasema kesho itakatika. Nyumba ya Baba, Mama. Nitawaambiaje watu imenishinda?"

"Baba yako alijenga nyumba," nikamwambia. "Hakujenga kaburi."

Mkwe alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kitambaa begani, uso umemkauka. Bwana Tuseme naye alikuja aliposikia sauti. Ndipo nilipohesabu watu uani na mmoja hakuwepo.

Mguu wangu sijui siku hiyo uliupata wapi uzima. Nilifika kabla yao wote. Chiriku alikuwa amekaa katikati ya kitanda, miguu kaikunja, pamba masikioni. Kajiziba mwenyewe, mchana kweupe. Ngumi moja kaifumba. Vumbi lilikuwa linamwagika polepole kwenye nywele zake kama unga kwenye ungo. Nyuma yake pazia lilikuwa limeota tumbo, samaki wote wamevimba.

Sikumwita. Nilimchukua kama nguo inayonyeshewa nikatoka naye. Mlangoni hapakuwa na mlango. Mwanangu anasema, na anarudia kila saa, kwamba ungekuwepo ungebana, na mimi na nguvu zangu hizi za kizee nisingeufungua. Sijui nimshukuru kwa hilo au nimlaumu. Nimefanya yote mawili.

Sikuwa bado nimemweka chini ukuta ulipokwenda. Ukuta haukuanguka kwa kishindo nilichokitegemea. Ulikaa chini, kama mtu mzima aliyechoka kusimama wakati wengine wanaongea. Kisha bati likaufuata. Kisha vumbi, halafu maji ya mfereji yakaingia ndani, yakapita chumbani kwa Chiriku kana kwamba njia yao ilikuwa hiyo siku zote. Kitanda sikukiona tena.

Nikamtoa pamba. Sikio moja, halafu la pili.

"Ulikuwa unasikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Na jana. Kila siku, Bibi. Hata na pamba."

"Mbona hukuniambia, mke mwenzangu?"

Akafumbua ngumi. Vifungo vyote vilikuwa mle, chekundu, cha kijani, cheupe, cheusi na wenzao, vimemchora kiganja.

"Nilinyamaza vizuri," akasema. Halafu akamtazama mama yake. "Na leo nitapewa?"

Mkwe wangu akakaa kwenye tope na kitambaa cha watu begani.

Jumapili, 19 Aprili

Wamekuja watu kutupa pole. Kila mmoja anasema Mungu mkubwa, jambo lenyewe halikuwa na dalili. Mwanangu kainamisha kichwa. Mimi nikawajibu kwamba dalili zilikuwepo, zilikuwa zinakunywa chai nasi kila asubuhi. Wakadhani bibi kachanganyikiwa kwa msiba.

Jumapili, 26 Aprili

Tumepanga vyumba viwili mtaa wa pili, mbali na mteremko. Bwana Tuseme kapata kibanda karibu yetu. Redio zake zilipona zote, ila mwenyewe anazibeba kama mayai.

Nimemwendea kwa mguu wangu, nikakaa, nikasema kile ambacho sijawahi kumwambia. "Nilikuona kichaa."

"Wengi huniona, Bibi."

"Kile kitufe. Mtu akikizungusha mno, kinarudishwaje?"

Hakuanza na neno lake. Kafikiri kwanza. "Kwa kurudisha nyuma polepole. Kitakachokuja mwanzo ni mkwaruzo mtupu, utaona bora kimya. Usikizime. Sauti ya mtu huwa mle ndani ya mkwaruzo."

Nimerudi nyumbani nikamwita Chiriku mbele ya baba na mama yake. Nikamwambia sheria ile imekufa na ukuta wake. Pamba nilimziba mimi, kwa mapenzi, na mapenzi yangu yalikuwa na uziwi. Sheria mpya ni kwamba kila atakachokisikia au kukiona au kisichompendeza, akikisema anapata kifungo. Kiwe cha kweli, kiwe cha ovyo, kiwe cha kututia aibu.

Kaniangalia kwa adabu. Adabu hiyo imeniuma kuliko mguu.

Jumapili, 3 Mei

Hakusema kitu.

Jumatano, 6 Mei

Hakusema kitu. Nilimwekea chumvi kwenye chai makusudi. Kainywa yote.

Jumamosi, 9 Mei

Mlango wa chumba tulichopanga umebana. Tukatazamana, sote, hata kijiko hakikugonga kikombe. Mwanangu kachukua randa. Kafika nayo mlangoni, kaiweka chini. Katoka nje kwenye manyunyu, kazunguka nyumba yote, kapiga magoti kwenye msingi, kapapasa kwa vidole pembe hadi pembe kama daktari. Kaenda hadi kwa jirani kuangalia maji yanakopita. Karudi na matope mpaka kifuani.

"Ni mti tu, Mama. Nimeangalia."

"Sasa piga," nikamwambia.

Kapiga randa huku analia. Chiriku alikuwa anamtazama. Baba yake akamwona, hakujificha. Kamwambia, "Njoo ushike huku," na mtoto kaenda kushika.

Jumapili, 17 Mei

Mvua imekonda. Leo imenyesha kidogo asubuhi, ikaaga.

Chiriku siku hizi analala nami. Nimefumbua macho nikamkuta amekaa ananitazama, nywele zimemsimama.

"Bibi."

"Naam, mke mwenzangu."

Kasokota ncha ya shuka, kaisokotoa. Nikajizuia nisimsaidie. Kujizuia huko ni kazi kubwa kuliko kupasua kuni.

"Unakoroma," kasema kwa sauti ndogo sana. "Kama ule ukuta. Nimeshindwa kulala." Halafu haraka, kabla sijajibu, "Utakasirika?"

"Nimekasirika tayari," nikamwambia. "Mimi sikoromi. Ni uzushi mtupu, na nitamshitaki mtu kwa baba yake."

Akanitazama kuona kama ni kweli. Kisha taratibu, macho yakiwa bado kwangu, akanyoosha kiganja.

Kopo la mama yake lilibaki chini ya ukuta. Nimechukua mkasi nikamkatia kifungo kikubwa cha koti langu, kile cha juu, cha kifuani. Koti libaki wazi. Baridi nikiisikia, nitasema.